Usingizi wa saa nane mchana ofisini
Dada, umeuliza kwa nini ikifika saa nane mchana usingizi unakubana ofisini hata kazi ikiwa ndogo. Anzia usiku. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi, na umesema unaamka saa kumi alfajiri kukwepa foleni ya kuingia Kampala. Basi saa tatu usiku uwe umelala, simu ikae chumba kingine. Kahawa ya jioni iache kabisa: hata zikipita saa 5 hivi tangu uinywe, karibu nusu ya kafeini, yaani kile kinachofukuza usingizi, bado iko mwilini. Mchana punguza matoke na posho (ugali), ongeza maharage na mchicha, kisha tembea kidogo. Hesabu ngumu zimalize asubuhi. Na bosi akipiga saa nne usiku, jamani, atajibiwa kesho.