Gari la kukodi na chakula Zermatt

Salaam ndugu. Umeuliza kama mkodi gari Geneva kwenda kuteleza kwenye theluji Zermatt, kijiji cha milimani Uswisi, na mtakula nini bila pombe wala nguruwe. Gari achaneni nalo. La petroli haliingii kijijini. Mtaliacha Täsch, kijiji cha kabla ya Zermatt, kwa malipo, kisha treni dakika 12. Bora mpande treni palepale uwanja wa ndege, mbadilishe kituo cha Visp.

Kwenye chakula ndipo wengi hunaswa. Fondue, jibini iliyoyeyushwa ya kuchovyea mkate, hutiwa mvinyo mweupe, mara nyingi na kirsch (pombe kali ya cheri), na moto haumalizi pombe yote. Agizeni raclette: jibini iliyoyeyushwa juu ya viazi vya kuchemsha, na matango na vitunguu vya siki. Rösti, yaani viazi vilivyokwaruzwa na kukaangwa, semeni mapema "ohne Speck" (bila bekoni ya nguruwe), maana mara nyingi vipande vya nguruwe hukaangwa humohumo na viazi.