Kabla hujashika msasa

Ukitoka chuoni ukaingia hanga la ndege pale uwanja wa Wilson, Nairobi, kitakachokuponza kwanza ni mazoea ya alumini. Bati likigongwa hubonyea, nawe ukaona. Kompositi ya nyuzi za kaboni, yaani tabaka za nyuzi zilizoshikanishwa kwa gundi, huficha. Spana ikidondoka juu ya bawa, huenda usione hata mkwaruzo, na huku ndani tabaka zimeachana. Ndiyo maana tunagongagonga kwa kinyundo chepesi tukisikiliza: palipo pazima hulia kavu na wazi, palipoachana sauti hufa, kama unagonga kadibodi. Omba jenereta izimwe kwanza.

Lakini somo langu kubwa lilitoka kwenye rangi. Mwezi wangu wa pili kazini nilipewa ncha ya bawa niisugue. Nikaona kitu kinametameta, vijitundu vidogo kama vya chandarua. Nikadhani ni rangi ya chini, nikakaza mkono. Mkuu wangu akanishika mkono bila kusema neno, akaniletea kioo cha kukuzia. Ulikuwa wavu wa shaba. Hulazwa juu ya nyuzi ili radi ikipiga, umeme usambae na kutoka. Kaboni hupitisha umeme kwa shida kuliko alumini, na epoksi, gundi inayoishika, haipitishi kabisa. Bila wavu, inaungua. Ndege ya abiria hupigwa na radi wastani wa mara moja kwa mwaka, na Dreamliner (Boeing 787) zinazotua Embakasi ni kompositi karibu nusu ya uzito wake.

Kwa hiyo ngozi ile ya ndege hubeba mzigo, hupitisha radi na huzuia maji, vyote pamoja. Kiraka chako kikirudisha nguvu peke yake, hujamaliza. Wavu mpya lazima upandane na wa zamani, na upime ukinzani wa umeme kabla ya rangi. Rangi nayo usiirundike, maana ikiwa nene huibana radi mahali pamoja na shimo huwa kubwa zaidi.

Puani mwa ndege mambo hugeuka. Pale ni nyuzi za kioo, bila wavu, kwa sababu rada lazima ione kupitia. Usitie chochote cha chuma kwa nia njema.

Bolti za alumini ziweke mbali na kaboni. Unyevu ukiingia kati, alumini huliwa. Tumia titani.

Na nyuzi zilizokwisha kupakwa epoksi, zile za friza ya nyuzijoto 18 chini ya sifuri: andika saa uliyozitoa, usifungue mfuko ungali baridi. Ukiona bado unatoka jasho, subiri.