Cnut hakumpindua Æthelred

Je, Cnut ndiye aliyempindua Æthelred, mfalme wa Uingereza? Hapana, aliyemng'oa Æthelred ni Sweyn Forkbeard, mfalme wa Denmark, baba yake Cnut, mwishoni mwa 1013. London ilipomkubali Sweyn, Æthelred alikimbilia Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, kwa shemeji yake Richard, mtawala wa huko. Sweyn naye hakufaidi kiti, alifariki Februari 1014, na wakubwa wa Uingereza wakamwita Æthelred arudi, ila kwa sharti kwamba safari hii atawale kwa haki kuliko mwanzo. Mfalme mzima anapewa masharti kabla ya kurudishiwa nchi yake! Akarudi, akamtimua Cnut, aliyekuwa amebaki na jeshi la baba yake. Cnut njiani alipita bandari ya Sandwich akawashusha mateka aliokabidhiwa baba yake, wakiwa wamekatwa mikono, masikio na pua. Æthelred akafia London tarehe 23 Aprili 1016, taji bado ni lake. Aliyeshindwa na Cnut kwenye vita vya Assandun, Oktoba mwaka huohuo, ni mwanawe Edmund Ironside.

Karibu yote hayo yamo kwenye Kumbukumbu za Anglo-Saxon, maandishi ya Waingereza ya zamani yanayosimulia matukio mwaka kwa mwaka. Ila zisome kwa tahadhari, maana sehemu ya utawala huu iliandikwa baada ya mambo kuharibika, na mwandishi ana uchungu kwelikweli, kila jeshi likichelewa lazima kuna msaliti. Humo yametajwa pia malipo ya kuwatuliza Waviking, wavamizi hao wa kutoka Skandinavia: pauni 10,000 mwaka 991 baada ya Waingereza kupigwa Maldon, hadi kufika 48,000 mwaka 1012.