Fundi aliyekimbilia drili: je, nimepigwa?

SWALI: Mimi ni mpangaji hapa Buzuruga, Mwanza. Juzi jioni nilishuka kwenye daladala, kufika nyumbani funguo sina. Nikapiga namba niliyoiona kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme. Kijana akaniambia elfu kumi tu. Alipofika hakuangalia sana, akasema kitasa hiki kigumu, akatoboa kwa drili, akaweka silinda mpya (ile sehemu ya kitasa unapoingia ufunguo) na kudai elfu themanini. Giza limeingia, watoto wako nje, nikalipa. Akanikabidhi funguo mbili. Ndivyo kazi ilivyo, au nimepigwa? Na siku nyingine nitampataje fundi wa kuaminika?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Umepigwa, na nakwambia hivyo mimi ninayekula kwa kazi hiihii ya vitasa. Lakini kuliko hizo elfu themanini, kuna jambo linalonitia wasiwasi zaidi: katika maelezo yako yote sijaona mahali alipokuuliza wewe ni nani. Fundi anayemfungulia mlango mtu asiyemjua bila kuuliza, kesho anaweza kumfungulia mwingine mlango wako. Mimi nikiitwa naomba kitambulisho au mkataba wa pango. Vikiwa vimefungiwa ndani, basi mwenye nyumba azungumze nami kwa simu, au jirani na mjumbe wasimame pale ninapofanya kazi. Wapo wateja wanaokasirika. Usikasirike, mshukuru.

Sasa drili. Swali la kwanza la fundi linapaswa kuwa: ulivuta mlango tu ukajifunga, au ulizungusha ufunguo? Kama ulivuta tu, kinachoushika ni ule ulimi uliokatwa mshazari, unaosukumwa na springi. Kipande cha plastiki ngumu kikipitishwa vizuri kati ya mlango na fremu huurudisha ndani, na kitasa kinabaki kizima. Kama ulizungusha ufunguo, kazi ni ndefu kidogo. Ndani ya silinda kuna pini zilizopangwa mstari, mara nyingi tano, kila moja na springi yake. Meno ya ufunguo wako huzinyanyua zote hadi kimo kimoja, ndipo silinda inazunguka. Ni ubunifu wa Mmarekani Linus Yale Mdogo, aliyeupatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1861, na hadi leo ndio tunaotembea nao mfukoni. Fundi anayeijua kazi huingiza chuma chembamba cha kukazia na kingine cha kunyanyulia pini moja moja, anasikiliza kwa vidole. Drili ni ya mwisho kabisa. Hata ikibidi, kinachotobolewa ni silinda peke yake, si kitasa kizima. Kwa hiyo anayeanza na drili ama hajui kazi, ama anatafuta kukuuzia silinda.

Bei zungumzeni kwenye simu kabla hajaja, na uitenganishe: kuja shilingi ngapi, kufungua ngapi, na ikibidi silinda mpya, ngapi pamoja na kuifunga. Akikujibu "tutaongea nikifika", tafuta mwingine. Usitume pesa ya nauli kwa mtu usiyemjua. Wakati wa kulipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Kama silo alilokupa, muulize palepale.

Kumpata mwaminifu, usisubiri siku ya kufungiwa nje. Zipo meza na vibanda vya wachonga funguo mjini ambavyo majirani wa hapo wanavijua miaka na miaka. Nenda ukachonge ufunguo mmoja wa akiba, umwangalie. Ufunguo wako usitoke machoni pako hata kidogo, kwa sababu kuuchapa kwenye kipande cha sabuni ni jambo la sekunde chache, na alama hiyo inatosha kuchongea mwingine. Asikuulize unaishi wapi. Kuchonga hakuhitaji anwani. Ukiridhika, hifadhi namba yake.

Kwa sasa, badilisha hiyo silinda. Silinda nyingi huja na funguo tatu au tano, wewe umepewa mbili, na sidhani pakiti ilifunguliwa mbele yako. Mwarifu mwenye nyumba kwanza. Kisha fungua mlango, tazama ubavuni mwake: kuna skrubu ndefu iliyo usawa wa silinda. Itoe kwa bisibisi, ingiza ufunguo, geuza kidogo mpaka kile kidole cha chuma kilicho katikati ya silinda kilingane na mwili wake, halafu vuta. Nenda nayo dukani wakupe ya urefu uleule. Ukiirudisha, isichomoze nje ya bamba la kitasa zaidi ya milimita 3, maana iliyochomoza hushikwa kwa koleo na kuvunjwa. Hesabu funguo palepale dukani. Usiipake mafuta ya kula, yanashika vumbi. Unga wa risasi ya penseli unatosha.

Ile namba ya kwenye nguzo mpelekee mwenyekiti wa mtaa, na umweleze kwamba huyo kijana alifungua nyumba bila kuuliza ni ya nani.