Pedali ya breki inazama, kiti nacho kinateleza: nianze na lipi?

SWALI: Nina gari la saluni lililovuka miaka 20. Nikisimama kwenye taa huku nimekanyaga breki, pedali hushuka polepole hadi karibu na sakafu, ingawa mafuta ya breki hayapungui. Halafu kiti cha dereva huruka tundu moja nikifunga breki ghafla. Fundi anataka kubadilisha pedi na kukichomelea kiti kisitembee. Nianze na lipi?

JIBU: Anza kwa kuliegesha gari. Pedi zikiisha hupiga kelele na kukwaruza diski. Haziizamishi pedali huku mguu umetulia juu yake. Kuzama hivyo bila tone kuonekana mara nyingi ni masta silinda, yaani pampu kuu inayosukuma mafuta ya breki: sili za mpira zimelika, mafuta yanapita pembeni mwa pistoni na kurudi yalikotoka. Ndiyo maana kikopo cha mafuta hakipungui.

Hakikisha mwenyewe. Gari limesimama, injini inaunguruma, kanyaga kwa nguvu na ushikilie nusu dakika. Kule kushuka kidogo mara tu unapowasha injini kusikutishe, ni busta, kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu wako, inaanza kazi. Ikiendelea kuzama, badilisha masta nzima. Sili mpya ndani ya silinda yenye kutu ni pesa ya kutupa. Na kama tatizo lilianza baada ya kutoa upepo kwenye mabomba ya breki, sishangai: pedali ikikanyagwa hadi sakafuni, sili hufika sehemu ambayo haifikiwi kila siku, yenye kutu na uchafu, zikachanika. Weka mafuta mapya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, maana ya zamani yamenyonya unyevu na huchemka mapema.

Kiti usikubali kichomelewe. Joto hudhoofisha chuma cha reli mbili ambazo kiti huteleza juu yake, na ukikanyaga breki kwa nguvu unajisukuma dhidi ya kiti hichohicho; kikiachia kurudi nyuma, mguu unaachana na pedali. Mara nyingi jino linalofunga reli moja linashika na la pili limekwama kwa uchafu, au waya unaoyaunganisha umelegea. Safisha, kisha kitikise mbele na nyuma. Jino lililolika halitengenezwi, tafuta reli nyingine. Funua zulia uchokonoe kwa bisibisi bati la sakafu kwenye bolti za kiti. Likibonyea, kiti hakina kinachokishika. Kwenye magari mengi hata kifungio cha mkanda kimefungwa kwenye kiti chenyewe.

Ukiona waya wa njano chini ya kiti, huo mara nyingi ni wa mfuko wa hewa au mkanda: chomoa betri na usubiri dakika kadhaa kabla ya kuugusa.