Picha ya mzee wa kahawa

SWALI: Shangazi, mimi napenda kupiga picha watu nisiowajua. Juzi nimempiga mzee wa kahawa karibu na Fort Jesus, ameshika dele, lile birika la kahawa, macho yamejaa maji, nikaiposti, basi watu wakaanza, eti mjane, eti watoto wamemtupa. Niiache? – Msomaji, Likoni

JIBU: Mwanangu, itoe kwanza. Mwaka 1936 mpiga picha wa Kimarekani, Dorothea Lange, alimpiga picha mama mmoja na wanawe kwenye kambi ya wachuma njegere kule California, ule uso ukawa ndio uso wa shida za Marekani nzima, na jina hata hakumuuliza. Mpaka 1978 ndio watu wakajua kumbe ni Florence Owens Thompson, Mcherokee, yaani wa moja ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, na mama wa watu alikuwa na uchungu kweli, sura yake imezunguka dunia yeye hajapata hata senti. Inaniuma mpaka leo.

Rudi pale, kaa kwenye benchi, agiza kahawa na kashata, muamkie, muonyeshe hiyo picha, muulize jina na kama ameridhia. Huenda yale machozi ni moshi wa makaa tu. Akitaka kusimulia atasimulia mwenyewe, uandike alivyosema. Akikataa, ifute, hata kama ndiyo picha yako bora.