Serikali inunue inapopata bei, kwingine mama apewe fedha

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni kama serikali, ikitaka kumsaidia mama mwenye kipato kidogo na mtoto wake, impe fedha au impe chakula. Nadhani wengi watasema fedha, maana fedha ina heshima yake. Mimi naishi Marekani, na mwanangu amekula chakula cha WIC, kwa hiyo jibu langu lina pande mbili: kitu ambacho serikali inakipata kwa bei ambayo mama hawezi kuipata, itoe kitu chenyewe. Kwingine itoe fedha.

Kwa asiyeijua, WIC ni mpango wa serikali ya shirikisho kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wasiofikisha miaka 5. Sheria ya majaribio ilipitishwa 1972, na kliniki ya kwanza ikafunguliwa Pineville, Kentucky, Januari 1974. Kipato kisizidi asilimia 185 ya kiwango cha umaskini, kwa hiyo hata wenye ajira huingia. Unapewa kadi ya kununulia dukani, nayo inapakiwa orodha: maziwa, mayai, maharage, siagi ya karanga, na kwa mtoto mchanga asiyenyonya, maziwa ya kopo.

Kwenye kopo ndipo watetezi wa fedha taslimu wananishinda kuwaelewa. Tangu 1989 sheria inayataka majimbo yabane gharama za maziwa hayo, na njia iliyozoeleka ni kuwashindanisha watengenezaji kwa zabuni. Anayeshinda anapewa jimbo zima, naye kwa kila kopo linalonunuliwa anairudishia WIC sehemu kubwa ya bei. Kampuni zinakubali kwa sababu takriban nusu ya maziwa ya kopo yanayouzwa nchini hupitia WIC, na pesa inayorudi inalisha mama na watoto wengine. Sasa mpe kila mama fedha zake mkononi. Atafika dukani peke yake na kulipa bei iliyobandikwa, bila mtu wa kumpunguzia hata senti.

Hatari ya jimbo zima kutegemea kampuni moja tuliiona. Februari 2022 kiwanda cha Abbott, mmoja wa watengenezaji wa maziwa hayo, kilichopo Sturgis, Michigan, kilisimamisha uzalishaji kwa hofu ya bakteria, makopo yakarejeshwa, na majimbo mengi yalikuwa na mkataba na kampuni hiyohiyo. Kopo la mkataba likaadimika, na la kampuni nyingine kadi ikawa hailikubali, mpaka ruhusa za dharura zilipotoka. Mei mwaka huo Bunge lilipitisha sheria ya kulegeza masharti dharura kama hiyo ikitokea tena. Ilipaswa kuwepo tangu mwanzo, lakini tukio hilo halibatilishi hesabu ya bei.

Njoo kwenye mkate sasa. Uliingia kwenye orodha 2009, na kwa miaka mingi mtoto alipewa ratili 2 kwa mwezi, yaani mikate miwili ya ngano isiyokobolewa ya aunsi 16 (karibu gramu 450) kila mmoja. Enzi hizo, nenda dukani ukautafute! Rafu imejaa ya aunsi 20 na 24. Wa 16 uko chini kabisa, kama haujakwisha. Unashika mmoja, unaugeuza usome maandishi madogo pembeni, unaurudisha, unashika mwingine, na mtoto kwenye toroli ameshaanza kulia. Ukikosea, mashine ya keshia inaukataa na foleni nzima inageuka kukutazama. Sidhani kama kuna aliyekusudia kumwaibisha mtu. Mtu alipiga hesabu za lishe ofisini bila kuangalia mikate inauzwaje. Kanuni mpya za 2024 ndizo zilizoleta hesabu ya aunsi 24. Kwenye mkate serikali haina bei ya pekee inayoipata, sasa ya nini kuchagua mpaka uzito wake?

Mboga na matunda ndipo walipopatia. Humo kadi inabeba dola, siyo orodha, na mama anachukua anachojua kitalika nyumbani kwake. (Viazi mviringo peke yake vilipigwa marufuku hadi 2015, na ilibidi Bunge liingilie kati. Viazi!) Kasoro ilikuwa kiasi: kabla ya 2021 mtoto alipata dola 9 kwa mwezi, kiasi ambacho mtoto anayependa matunda anakimaliza wiki ya kwanza. Kilipandishwa kwa muda hadi dola 35, kisha kikashushwa kuwa 24.

Takriban nusu tu ya wanaostahili ndio wanaotumia WIC, na wengi huacha mtoto akishatimiza mwaka. Mimi sishangai. Mwaka ukitimia, kopo linakoma. Yanabaki maziwa, mayai na ule mkate, ilhali miadi ya kliniki iko palepale: kupima urefu, uzito, na damu ya kidole. Mama anayelipwa kwa saa anajua siku hiyo itamgharimu kiasi gani.

Ningekuwa mpangaji, kopo ningeliacha kwenye zabuni kama lilivyo. Kwa mtoto aliyevuka mwaka ningefupisha orodha, fedha yake niihamishie kwenye zile dola za kuchagua, na vipimo ningevichukua kwa daktari wake, ambaye anampima tayari, ili mama asiombe ruhusa kazini mara mbili kwa urefu uleule.